Warigia na Namba ya Pili

Ukiingia duka la Warigia pale Pioneer kutafuta oksijeni ya kuchomelea vyuma, utamkuta mwanamke wa miaka arobaini na minane amekalia mtungi mtupu, miwani imeshuka puani, anagombana na mtu kwenye simu. Anauza gesi. Mafundi wa mageti humjia kwa oksijeni, wenye vibanda vya chipsi humjia kwa gesi ya jiko, na kila mwisho wa mwaka, shule za chekechea zinapowavisha watoto majoho, walimu humjia kwa heliamu ya baluni. Nyuma ya pazia la leso kuna vitu ambavyo hauzi: suti mbili nzito za mpira, mitungi myembamba yenye alama za rangi, na mapezi ya miguuni ambayo jirani mmoja alidhani ni sehemu za pikipiki.

Majirani wanajua kwamba Warigia huzamia. Wasichokijua ni anazamia wapi, maana Eldoret iko zaidi ya mita elfu mbili juu ya bahari, na maji ya karibu wanayoyafahamu wengi wao ni yale ya tangi.

Alishuka Mombasa akiwa na miaka ishirini na miwili, akimfuata mwanamume aliyemwambia kuna kazi kwenye meli. Meli zilikuwepo, kazi ilikuwepo, mwanamume ndiye hakuwepo. Warigia akaajiriwa kufagia karakana ya kampuni ndogo ya wazamiaji, kisha kupanga mitungi, kisha kukwangua makome kwenye matumbo ya meli, na mwishowe kuzama kabisa, mita hamsini, mita sitini, kule ambako hewa ya kawaida humlevya mtu kama chang'aa na lazima ichanganywe na heliamu. Alikaa miaka ishirini. Mamake alipofariki na kumwachia duka, akalifuata huku mlimani, yeye na binti yake Ciku na suti zake mbili.

Ni katika bwawa la kuogelea la hoteli moja mjini ndipo alipokutana na Wabuge. Warigia alikuwa ameketi chini kabisa ya bwawa, dakika arobaini hivi, akijaribu kifaa kilichotoka kutengenezwa. Mwokoaji wa bwawa akaona mama wa watu amekaa sakafuni hatikisiki. Akaruka na nguo zake. Warigia akamtia kofi chini ya maji.

Huyo ndiye Wabuge. Alikuwa amekuja Eldoret kutoka Bungoma ili awe mkimbiaji. Alikimbia miaka sita, kila asubuhi, mvua na jua, na hakuwahi kumshinda mtu yeyote ambaye jina lake linakumbukwa. Baada ya lile kofi alitaka kujua mtu anapumuaje chini ya maji bila kufa, na hivyo akawa mwanafunzi. Miaka mitano sasa. Ana thelathini na sita, ana mapafu ya farasi, na ana tatizo moja tu: bado anaamini kwamba anayemaliza wa kwanza ndiye aliyeshinda.

"Huku hakuna medali," Warigia humwambia. "Huku ukimaliza wa kwanza wanakubeba."

Somo lenyewe si gumu. Ukishuka kina kirefu, gesi unayopumua inaingia mwilini na kujificha kwenye damu, kwenye mafuta, kwenye viungo. Ukipanda haraka inatoka kwa vurugu, kama soda iliyofunguliwa baada ya kuletwa na boda boda. Kwa hiyo unapanda ukisimama hapa na pale, ukiipa nafasi itoke kistaarabu. Kompyuta ndogo unayofunga mkononi ndiyo inayokuambia usimame wapi, dakika ngapi, lakini wewe ndiye unayeiambia iwe na woga kiasi gani. Unaiwekea namba mbili. Ya kwanza inaamua unaanza kusimama ukiwa chini kiasi gani. Ya pili inaamua utaruhusiwa kuukaribia ukingo wa hatari kiasi gani wakati wa kutoka. Mia moja ni ukingo wenyewe. Ukipunguza namba ya pili, unaning'inia kwenye kamba muda mrefu zaidi, una baridi zaidi, umechoka zaidi, na uko salama zaidi.

Warigia alitumia hamsini na sabini. Zamani namba yake ya kwanza ilikuwa ishirini, kwa sababu enzi hizo kila mtu aliamini kwamba kusimama chini sana ni uchaji Mungu. Baadaye utafiti ukaonyesha kwamba huko chini mwili bado unaendelea kujaza gesi sehemu nyingine, akabadilisha bila kuona haya. Uangalifu wake wote akauhamishia kwenye namba ya pili, na hapo habembelezeki.

Alikuwa na sababu. Bega lake la kushoto humuuma kukikaribia kunyesha, kumbukumbu ya mapovu yaliyomwingia akiwa na miaka thelathini na mbili. Hadithi ya bega hilo Wabuge aliijua kwa moyo: mkondo mkali wa bahari ulimng'oa Warigia kwenye kamba, ukamrusha juu kabla ya wakati, akapigana nao kama simba. Hadithi nzuri. Aliisimulia vizuri pia.

Basi mwezi wa pili mwaka huu akaja Dahabo. Dahabo ana duka la vyakula vya mifugo upande wa barabara ya Plateau, na ndiye mwenyekiti wa mradi wa maji kule kwao. Ni mwanamke mrefu, mpole wa sura na mkali wa mdomo. Mradi wao ulivuta maji kutoka shimo la zamani la mawe, ambalo wachimbaji walilichimba mpaka wakatoboa chemchemi wakakimbia. Lina mita hamsini kwenda chini. Pampu ilikuwa imeelea juu ya mapipa, mapipa yakaoza, pampu ikazama.

"Vijana wamevua wiki mbili na ndoano," Dahabo alisema. "Wametoa baiskeli, na bango la mgombea aliyeshindwa uchaguzi. Pampu, hakuna. Ng'ombe zinatembea kilomita tatu kunywa maji. Mama Ciku, unaweza?"

"Naweza. Lini?"

"Alhamisi. Mheshimiwa anakuja saa tano kuzindua."

"Kuzindua nini na pampu iko chini?"

"Usiniulize mimi. Kadi zilishatumwa."

Warigia angependa kuifanya Jumatatu bila kelele, lakini heliamu safi ya kupumua ilikwama Nairobi mpaka Jumatano jioni. Kwa hiyo Alhamisi saa mbili asubuhi walikuwa ukingoni mwa shimo, yeye na Wabuge, vifaa vimepangwa juu ya turubai, winchi ya lori ikisubiri. Hema la mheshimiwa lilikuwa limeshasimamishwa, viti vyenye vitambaa vyeupe mbele, viti vya plastiki nyuma. Sufuria za pilau zilikuwa tayari motoni. Dahabo aliketi juu ya kreti na flaski yake ya chai akiwaangalia.

Wabuge aliingiza mkono majini, akautoa haraka. "Madam, hii ni barafu."

"Digrii kumi na nne."

"Na sabini yako tutakaa humo mpaka tuzeeke. Mi naona tuweke themanini na tano. Watu wazima wanatumia themanini na tano."

"Watu wa wapi?"

"Wa YouTube."

Warigia alivuta pumzi. "Hao wa YouTube wako usawa wa bahari. Hapa hewa ni nyepesi, povu likitoka linafura zaidi. Wana chemba ya shinikizo ya kutibu wazamiaji ng'ambo ya barabara. Yetu sisi iko pwani, na ukiumia hapa njia ya kukupeleka inapanda Timboroa kwanza. Yaani tunakuokoa kwa kukupandisha juu zaidi. Umeielewa hiyo?"

"Lakini sisi tunaishi huku. Mwili umezoea."

"Umezoea hewa ya hapa, ndiyo, hiyo nimeihesabu. Haujazoea mita hamsini za maji. Na maji ni baridi, na damu ikipata baridi inatembea polepole, na gesi inabaki mahali ilipo. Sabini."

Wabuge alivuta zipu ya suti yake, kisha akasema kitu ambacho, kwa haki, kilikuwa cha akili. "Sasa Madam, wewe mwenyewe hukuumizwa na namba. Wewe ulichukuliwa na mkondo. Ungekuwa umeweka hata hamsini, mkondo ungekuchukua tu. Si ndio?"

Warigia alimtazama. Akatazama maji. Miaka mitano alikuwa amemfundisha uangalifu akitumia hadithi isiyohusiana na uangalifu hata kidogo, na mwanafunzi ndiye amegundua, tena asubuhi ya kazi, mbele ya mwenyekiti wa maji.

"Hakukuwa na mkondo," alisema.

"Aje?"

"Nilikuwa na mkojo."

Dahabo alishusha kikombe.

"Nilikuwa nimevaa suti kavu, ile isiyoingiza maji wala kutoa," Warigia akaendelea, sauti kama ya mtu anayesoma mita ya stima. "Suti ya kuazima, mpya, ya bosi. Asubuhi nilikuwa nimekunywa chai vikombe viwili kwa sababu kulikuwa na mahamri. Tulizama mita sitini. Kurudi, nikafika mita sita, kompyuta ikaniambia dakika ishirini na mbili. Kibofu kikaniambia dakika tano. Sasa ile kompyuta unaweza kuibadilisha namba ya pili ukiwa majini. Ilikuwa sabini. Nikabonyeza mpaka tisini na tano. Ikaniambia dakika nne. Haikubisha, haikuuliza. Nikakaa zile nne nikatoka."

"Ukafika chooni?" Dahabo aliuliza.

"Nilifika ngazi ya boti. Nusu ya ngazi."

Dahabo alianza kucheka bila sauti, kisha na sauti, kisha chai ikamwagika kwenye baibui.

"Nusu saa baadaye bega likawaka moto na mguu huu sikuusikia. Wakanifungia kwenye chemba, pipa la chuma, saa sita, mimi na nesi mwanamume na ndoo moja. Kwa hiyo niliukimbia mkojo nikakojoa mara mbili, zote mbele ya watu. Mkondo niliutunga kitandani hospitali. Mkondo una heshima. Nani atakwenda kusimulia mkojo?"

Wabuge hakucheka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa chenji bandia na mtu wa nyumbani kwao. Mara ngapi alikuwa ameisimulia hadithi ya mkondo kwa wageni pale bwawani, akionyesha kwa mikono jinsi Warigia alivyopigana! "Miaka tano, Madam," alisema tu.

"Najua."

"Sawa. Hamsini na sabini." Akageuka, akawapa mgongo, akabonyeza kompyuta yake.

Warigia naye akamalizia kujivika. Ndani ya suti yake kavu siku hizi huvaa nepi ya watu wazima, ambayo huinunua kwenye duka la dawa la Kapsoya ambako hakuna anayemjua, akisema ni ya shangazi.

Waliingia saa nne kasorobo. Juu maji yalikuwa ya kijani kama supu ya mrenda, kwenye mita kumi na tano yakawa meusi, na baada ya hapo walibaki na taa zao. Pampu waliikuta kwenye mita arobaini na nane, imelala ubavu chini ya ukingo wa jiwe, imejizika kwenye tope kama nguruwe aliyeridhika. Warigia alipanga dakika ishirini chini. Lakini alipogusa mnyororo wa pampu tope likafumuka, taa ikawa haina kazi, na pingu ya winchi ikabidi aifunge kwa kupapasa, Wabuge akimshikia kamba. Parafujo ilikataa mara mbili. Ilipokubali, zilikuwa dakika ishirini na sita. Dakika sita tu, lakini kwa kina hicho kila moja hudai riba wakati wa kurudi.

Walipanda wakisimama. Mita ishirini na moja wakabadilisha gesi. Mita sita wakabadilisha tena, oksijeni tupu, wakajifunga kwenye kamba ya boya. Kompyuta ya Warigia ikasema dakika thelathini na nne. Akaumulika mkono wa Wabuge kuhakikisha.

Kumi na tisa.

Alitoa kibao chake cha kuandikia majini. NAMBA YAKO YA PILI?

Wabuge alikitazama kibao muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma maneno manne. Akachukua penseli. 85. SAMAHANI.

Warigia alipandwa na hasira, na hasira majini ni upuuzi mtupu, inakula gesi. Akapumua mara tatu. Angeweza kuandika mengi. Angeweza kumshika ukanda. Lakini mtu mwenye miguu ya kukimbia miaka sita akitaka kwenda juu atakwenda, na kuvutana naye mita sita ndiyo njia ya haraka ya kuumia wote wawili. Akaandika: KAA NA MIMI.

BARIDI, Wabuge akajibu.

NAJUA. KAA.

Wakakaa. Mtu akifikiri kuzamia kina kirefu ni ushujaa, angewaona pale: watu wazima wawili wamening'inia kwenye kamba kama nguo zilizosahaulika, wakitetemeka, wakicheza mchezo wa eksi na sufuri kwenye kibao. Warigia alishinda mara nne. Mara ya tano Wabuge alifuta sufuri moja ya Warigia kwa kidole akidhani hakuonekana.

Dakika ya kumi na tisa ikafika. Kompyuta ya Wabuge ikatoa alama ya kijani: nenda. Aliinua kichwa. Mwanga ulikuwa pale pale juu, mita sita, hatua sita za mtu mrefu. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Warigia hakumshika. Aliweka mkono wake kwenye kamba ambapo Wabuge angeuona, akatazama pembeni, na kusema kweli aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa katika mita sitini.

Wabuge alishusha kichwa. Akaomba kibao. Aliandika polepole kwa vidole vilivyokufa ganzi, akamrudishia.

BOSI ALISEMA NINI KUHUSU SUTI?

Warigia alicheka mpaka maji yakaingia kwenye miwani.

Yaliyokuwa yakitokea juu aliyapata baadaye kwa Dahabo, ambaye huyasimulia mpaka leo. Mheshimiwa alifika saa tano na dakika tano, jambo la ajabu, kwa wakati. Akaelezwa kwamba wataalamu wako chini. Akangoja dakika tano, akahutubia kumi, akatazama maji. "Hawa watu wako chini tangu saa ngapi?"

"Saa nne kasorobo," Dahabo alisema.

Watu hemani wakaanza kuhesabu kwa vidole. Ndipo Pasta Muchiri, aliyekuwa amealikwa kubariki pampu, aliposimama bila kuombwa. Alianza na maombi ya nguvu kwa wafanyao kazi. Kufika katikati, alikuwa akiombea faraja kwa familia. Kufika mwisho akauliza kwa sauti ya chini kama marehemu mama alikuwa na watoto wangapi.

"Pasta, wanapumua," Dahabo akamwambia. "Si unaona mapovu?"

"Mapovu hata soda inatoa, dada yangu."

Mheshimiwa hakutaka kuwa mahali ambapo watu wamekufa akiwa ameshika makasi. Alikata utepe haraka, akazindua shimo lenyewe kwa kuwa pampu haikuwepo, akaondoka kabla ya pilau. Kwa hiyo Warigia alipochomoza, kichwa cheusi kinachong'aa katikati ya wimbo wa taratibu wa kumkabidhi kwa Mungu, mama mmoja wa kwaya alikimbia mpaka barabarani na sahani yake mkononi. Hakuiacha.

"Mama Ciku," Dahabo alimwita kutoka ukingoni, "tulikuwa tumeanza kuchagua kamati ya mazishi. Mimi ni mweka hazina."

Winchi iliitoa pampu saa sita na nusu. Ilisafishwa, ikabadilishwa vitu fulani ndani, na baada ya siku tisa maji yakatoka. Wabuge siku ile aliwekwa kwenye kiti cha mheshimiwa, chenye kitambaa cheupe, akapumua oksijeni kwa saa nzima na kukatazwa kubeba hata kikombe. Hakuumwa na chochote. Alikula pilau sahani tatu, akivua barakoa kati ya vijiko.

"Madam," aliuliza baadaye, watu wakishaanza kupungua. "Ningetoka kwa zile kumi na tisa, ningeumia?"

Warigia alikuwa na jibu la kutisha tayari mdomoni. Alilimeza. Alikuwa amechoka kutunga. "Sijui. Pengine ungetoka mzima kabisa. Watu wengi hutoka wazima."

"Sasa?"

"Sasa ungeitumia tena wiki ijayo. Na mimi ningekuwa sijui hata nikuombee lini." Alivua kofia ya suti, nywele zimesimama. "Na usinidanganye tena majini. Nchi kavu danganya unavyotaka."

"Na wewe?"

"Na mimi," alisema, "nitajaribu."

Jioni hiyo alimpigia Ciku, anayesoma chuo Kisumu, akamweleza ukweli wa bega kabla Dahabo hajaufikisha Pioneer. Ciku akasema, "Mum, nilishaandika insha ya huo mkondo shule ya msingi. Nilipata thelathini na nane kwa arobaini." Ukweli ulifika Pioneer asubuhi iliyofuata hata hivyo, na kwa wiki mbili wateja wa gesi walikuwa wakimuuliza kama anahitaji kwenda mahali kabla hawajaanza kuhesabu mitungi. Aliwajibu vibaya. Waliendelea kununua.

Tangu siku hiyo wamezama pamoja mara tatu, na kila mara, kabla ya kuingia, wanasomeana namba kwa sauti, kila mtu akiangalia mkono wa mwenzake. Mara ya mwisho, kwenye bwawa moja la umwagiliaji, Wabuge alisoma: "Hamsini na sitini."

"Sitini? Tutakaa humo saa nzima!"

"Madam, maji ni baridi, na wewe unaelekea miaka hamsini."

Warigia alimtukana kwa Kikikuyu, lugha ambayo Wabuge anadai haielewi, kisha akabonyeza kompyuta yake mpaka sitini, wakaingia.